Dole Langu kwenye Mtungi

Leo nilipompangusa yule mwanamke wa udongo, sanamu ya pambo, kwa kitambaa chenye unyevu, harufu ya mvua ya kwanza ilinijaa puani, hapa hapa Doha, katika hoteli ninayosafisha, kiyoyozi kikivuma. Mdomo wake u wazi, anasimulia hadithi, na watoto wamempanda mapajani mpaka mabegani. Msimamizi wangu aliniambia kwa mshangao kwamba wanawake wa Pueblo, wenyeji wa asili huko Amerika, humfinyanga kwa mikono mitupu.

Kwani bibi yangu alikuwa na mashine?

Alisimulia huku vidole vikizunguka shingo ya mtungi, nasi wajukuu tumemwegemea mgongoni. Siku moja, fisi wa hadithi alipofika mlangoni, niliruka kwa hofu na dole gumba langu likazama kwenye udongo mbichi.

"Ifute hiyo alama, mama!" shangazi akafoka. "Nani atanunua?"

"Haifutwi," bibi akasema. "Watajua sikufinyanga peke yangu."

Mtungi ule uligombaniwa sokoni. Tangu hapo, kila alipomaliza chombo, aliniita: "Lete dole, mjukuu wangu." Wanawake wakawa wanapapasa shingo kwanza, na wakiipata alama wanasema, "Hiki ndicho chenyewe."

Jioni, wakati wa kutoka kazini, mashine ya mahudhurio ililikataa tena dole langu, maana dawa za kusafishia zimelilainisha hadi mistari yake kufutika.

"Jaribu kidole kingine, dada," msimamizi akasema.

Nikalifuta kwenye sare, nikaliweka lilelile.