Shelfu ya Kuning'inia Gereji

Nawaandikia sasa hivi, kabla sijaingia tena gereji.

Gereji yetu hapa Tukuyu ni kubwa, ila sakafu inalowa mvua zikianza. Mimi nilitaka shelfu za chuma za kusimama. Mume wangu akachagua ya kuning'iniza kwa minyororo kwenye boriti ya paa.

Leo mchana tumeipakia giaboksi mbili za gari. Akasimama chini yake, anaisifia.

Mara nikasikia boriti inalia.

"Baba Neema, toka hapo."

"Ni mvua kwenye bati hiyo, Mama Neema."

Nikamvuta shati kwa nguvu, tukaanguka wote. Shelfu ikashuka palepale alipokuwa amesimama.

Mpaka sasa amekaa nje, analowa, hataki kuingia ndani.

Jamani, nyie vitu vizito mnaviweka wapi?