Baba Mkwe Anamtafuta Baba Yake

Baba mkwe wangu ni kinyozi asiyetulia. Anaweza kukunyoa nusu kichwa, akuache kwenye kiti, aende mlangoni kutazama upande wa kambi ya zamani. Wateja wake wamemzoea. Wanamwita Nusu Kichwa, naye anaitika.

Huko kambini ndiko alikozikwa baba yake, askari. Alama za mbao zilishaoza, makaburi yakamezwa na majani. Sasa wamekuja wajenzi. Msimamizi wao alisema atakayeonyesha kaburi la mtu wake, litafukuliwa akamzike kwingine. Asiyeonyesha, zege linamwagwa.

Tangu hapo halali, nasi hatulali. Anachokumbuka ni kimoja: siku ya maziko, akiwa mdogo, aliona tangi la maji limekaa katikati ya nguzo mbili za lango. Sehemu ya kulionea hivyo aliipata. Akasimama, akalielekea tangi, akaonyesha mbele ya miguu yake. Vibarua wakachimba, wakakuta mwamba.

"Mzee, hapa hapajawahi kuguswa na jembe," mmoja akasema. "Au baba yako alizikwa amesimama?"

Msimamizi akatazama saa. Baba mkwe akawa anakwenda na kurudi, mkono kichwani.

Mimi nilikuwa nimempelekea chai, mtoto mgongoni. Nikamwambia mtoto, mwone babu. Nilipogeuza shingo nikamkuta anatazama lori, kando kabisa, shavu kalilaza mgongoni kwangu.

"Baba," nikauliza, "siku ile ulisimama au ulibebwa?"

"Mama alinibeba. Nilikuwa na homa."

"Basi yeye ndiye aliyelielekea kaburi. Wewe ulikuwa unatazama pembeni."

Akaenda kwenye ukuta wa kibanda cha msimamizi, akafumba macho, akalaza shavu la kulia. Akatikisa kichwa. Akalaza la kushoto, akabaki hapo.

"Huyu naye kalala?" kibarua akanong'ona.

Akarudi mbiombio pale pale pa kwanza, akalielekea tangi, akanyoosha mkono wa kushoto. "Huku."

Jembe likazama kama kwenye unga. Pigo la pili likazama zaidi. Baba mkwe akavua viatu, akamnyang'anya kibarua jembe, akalitupa kando na kuingia shimoni, anazoa udongo kwa mikono.

"Mzee, toka, tutachimba sisi. Kaa kidogo, unywe chai."

"Kunyweni ninyi," akasema bila kuinua kichwa. "Mtamuumiza."