Viti vya Kumwinua Mgeni

Kazi ya mama mmoja ilikuwa kuzinunulia hoteli vitu: vitanda, majiko, friji za kuingia mtu mzima, na viti. Hasa viti. Mafundi seremala walimpachika jina la Bibi Mkao, kwa sababu hakununua kiti kwa macho. Aliingia karakana na chakula chake kwenye hotipoti, akavuta kiti cha mfano katikati ya maranda, akala polepole mpaka kijiko cha mwisho. Kisha akabaki ameketi, akiyasikiliza mapaja yake. Hapo hata mwenye randa alijua anyamaze.

Usidhani alikuwa akitafuta raha. Tajiri wake alimfunza mapema kwamba mgahawa hauishi kwa anayeketi, unaishi kwa anayeondoka akampisha mwenzake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi Mkao yeye alitaka kiti kimpe mteja jembe akiwa bado anafuta midomo. Kimbebe vizuri mpaka sahani iwe tupu, halafu kianze kumsumbua kiunoni kidogo kidogo, anyanyuke akidhani ameamua mwenyewe.

"Huku mbele pandisha kidogo, fundi. Asije akajisahau."

"Lakini bibi, mtu wa watu si atakuwa ameshalipa?"

"Amelipia chakula. Hajalipia kulala."

Fundi alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Sifa zikaenea, na kila aliyefungua hoteli akamtaka Bibi Mkao. Akawa mtu wa safari, leo huku, kesho kule. Mumewe alivumilia, akachoka, akaenda zake. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alilelewa na mama yake mkubwa. Siku mama mzazi alipopita kumwona, alikula wima jikoni, mkoba begani, huku kijana akimweleza habari za shule kwa kasi, kama mtu anayelikimbilia gari linaloondoka. "Nitakaa siku nyingine, baba," alimwambia. Uongo ule aliusema kwa moyo safi kabisa, na ndiyo maana haukumsumbua.

Alipostaafu, hoteli ya tajiri wake ilikuwa inabadilisha samani. Tajiri akamzawadia meza moja ya mgahawa pamoja na viti vyake, vile vile alivyovichagua mwenyewe. Mpishi mkuu alimsaidia kuvipakia, akatabasamu. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, mama." Bibi Mkao alicheka naye. Hakuwa mtu wa kununa kwa utani.

Kijana wake, sasa mtu mzima mwenye kazi zake, alianza kuja kumsalimia. Mama alipika kwa moyo wote. Kijana alikula vizuri, akasifu, na sahani ilipokuwa tupu akajinyoosha kiuno, akainuka, akaaga. Akija tena, hivyo hivyo. Mama hakutaka kikubwa: alitaka wabaki mezani baada ya kula, wazungumze mpaka maneno yaishe. Alikuwa na deni la miaka na hakujua lianzie wapi kulipwa. Basi akavilaumu viti, na kusema kweli lawama ile ilimpa nafuu.

Akarudi karakana. Fundi yule alikuwa mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi.

"Nataka kiti ambacho mtu hatamani kukiacha."

"Wewe? Leo?"

"Mimi. Sponji nene, mgongo mpana, huku mbele shusha."

Fundi hakucheka safari hii. Kiti cha mfano kilipokuwa tayari, Bibi Mkao alikuja na hotipoti yake, akala, akasikiliza mapaja yake, na usingizi ukamchukua pale pale kwenye maranda. Aliyekuwa akifagia ndiye aliyemwamsha. "Hiki," alisema. Vile vya zamani akampa muuza chai wa barabarani.

Kijana alipokuja, alisimama mlangoni akivitazama. "Viti vizuri, mama."

"Basi keti."

"Nina haraka kidogo leo." Akajipakulia mwenyewe, akaegemea kabati, akala wima, mkoba begani.

Hasira zikampanda mama, hasira za mtu aliyejiandaa sana. "Nani alikufundisha kula umesimama?"

Kijana aliacha kutafuna. Hakuwa na kinyongo usoni, alikuwa anashangaa tu kuulizwa. "Si wewe, mama?"

Akamalizia chakula, akaosha sahani yake, akambusu mkono, akaahidi kukaa siku nyingine. Alisema kwa moyo safi kabisa. Mama aliisikia sauti ile akaijua.

Mlango ulipofungwa, alikaa kwenye kimojawapo cha viti vipya. Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri. Hakuna mahali palipombana wala palipomchoma, na jioni nzima hakupata sababu ya kunyanyuka.