Mikia ya Kadi

Ofisini walimwita Mama Kadi, na aliyeanzisha jina hilo alishastaafu zamani. Aliingia hospitalini hapo akiwa na miaka ishirini na mbili, kazi yake kunakili kadi za wagonjwa kwenye kompyuta kuu, ile waliyoiita Bibi kwa sababu ilikuwa kongwe, ilijaza chumba kizima na haikukubali kuharakishwa. Miaka thelathini na moja baadaye kadi zilishachomwa, makarani wenzake wametawanyika, na hakubaki mwingine jengoni aliyejua Bibi amemeza nini na kwa mpangilio gani.

Jumanne hiyo Bibi alikuwa anatolewa nakala. Kampuni ya nje ilikuwa inajenga mfumo mpya, na ili iujaribu iliomba faili nzima ya wagonjwa, watu laki tatu na sitini elfu pamoja na maradhi yao. Majina na simu vifunikwe kwanza, ndivyo walivyokubaliana. Kazi ya kufunika alipewa Injinia, bwana wa miaka thelathini na ushei mwenye digrii mbili na mdomo wa kutosha digrii ya tatu. Mjumbe wa kampuni angekuja kuchukua diski saa nane mchana.

Saa sita na nusu Injinia akazungusha kiti chake. "Imepita, Mama! Watu wote, hakuna kosa hata moja. Jina na simu vinaanzia nafasi ya kumi na tatu, vinaishia ya sitini na nne. Kote nimepiga X. Sasa naenda kula."

"Na mikia umeifanyaje?"

"Mikia? Mama Kadi, hii ni faili, siyo zizi la ng'ombe."

Akacheka peke yake. Mama Kadi moyo ulimlipuka paa.

Kadi ya zamani ilikuwa na mistari ishirini. Mgonjwa akija mara ya ishirini na moja, karani alimbandikia kadi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na hiyo ndiyo waliyoiita mkia. Gundi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, kadi zinabanduka ovyo, basi makarani wakajiwekea kautaratibu kao ambako hakakuandikwa popote: mkia unapoanza, kwenye nafasi ya maoni ya daktari, andika tena jina la mgonjwa na simu yake. Walipohamia kwa Bibi wakahamia na tabia yao. Waliokuja baadaye wakaiga bila kuuliza, na hadi mwezi uliopita walikuwa bado wanaiga.

Sasa, rekodi za Bibi hazilingani urefu. Kila moja inaanza kwa kutaja urefu wake, kisha jina, kisha safari za hospitali moja baada ya nyingine, na maoni ya daktari huyu ni neno moja, ya yule ni insha. Jina la kichwani linakaa mahali pamoja kwa watu wote. La mkiani halina kwao. Programu ya Injinia ilipiga X kichwani ikaenda zake.

Na wenye mikia ni akina nani? Aliyekuja kung'oa jino hana mkia. Mkia anao mgonjwa wa kudumu, anayekuja kila mwezi miaka nenda rudi. Injinia alikuwa amewafunika vizuri sana watu wa mafua, akawaacha uchi wale ambao hawataki hata jirani asikie.

Mama Kadi mwenyewe alikuwa na mikia sita.

Kifafa kilimwanza miaka kumi na moja iliyopita, na pale ofisini hakuna aliyejua; rekodi yake aliiingiza kwa Bibi mwenyewe. Dawa alizimeza chooni. Mara mbili alianguka ofisini, zote mbili akiwa peke yake, na zote mbili akasema ameteleza. Nje ya kliniki, aliyejua ni binti yake tu. Mlinzi wa lango la nyuma alianguka kifafa mara moja, mbele za watu, na wiki ile ile akakabidhiwa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Barua aliisaini Mkuu wa kitengo, ambaye ndiye mkuu wa Mama Kadi pia. Mama Kadi alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Miwili tu, jamani.

Injinia alipotoka kwenda kula, diski ilibaki mezani na ufunguo wa faili anao Mama Kadi. Angeweza kuifungua rekodi yake, akaifunika mikia yake sita, akafunga. Dakika mbili. Wengine Mungu awafunike. Nisiwadanganye kwamba wazo hilo halikumpitia. Lilimpitia, likaketi, na vidole vyake vikaandika tarakimu tatu za namba yake kabla hajavinyanyua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaondoka mezani, akaenda kwa Mkuu karibu anakimbia.

Mkuu alimsikiliza huku akitazama saa. Ilikuwa saa saba na robo. "Mama, naheshimu miaka yako hapa. Lakini huko kwenye kampuni nimeshaahirisha mara tatu. Nitawaambia nini, kwamba kuna mikia? Injinia, wewe unasemaje?"

Injinia alikuwa amefuata nyuma, mdomo bado unatafuna. "Mpangilio wa faili ninao, Mkuu. Nafasi ya maoni ni ya daktari. Hakuna palipoandikwa kwamba kuna jina."

"Hakuna palipoandikwa kwa sababu tulikuwa tunaambiana kwa mdomo," Mama Kadi alisema.

"Basi nionyeshe mtu mmoja aliyevuja," Mkuu akasema. "Mmoja tu, nimwone kwa macho yangu, nasimamisha kila kitu."

Hapo Mama Kadi akakwama. Rekodi ya mgonjwa haifunguliwi mbele ya mtu mwingine bila mwenyewe kuridhia. Kanuni hiyo ilibandikwa mlangoni mwa chumba cha Bibi, na aliyeiandika ni yeye. Mkuu aliijua vilevile, na Mama Kadi akamwona anaanza kunyoosha mkono kuchukua simu amruhusu mjumbe aje.

"Yupo mmoja ameridhia," alisema.

"Nani?"

Mama Kadi akageuka. Alimtajia Injinia namba, tarakimu saba, polepole. Injinia akaziandika kwenye kompyuta ya Mkuu. Kioo kikajaa. Juu kabisa X zimejipanga safi. Chini yake kliniki ya kifafa, kliniki ya kifafa, tarehe juu ya tarehe, na katikati ya maoni ya madaktari majina yote matatu ya Mama Kadi kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba ya simu ambayo Mkuu na Injinia wote walikuwa nayo.

Injinia alisoma, akasoma tena, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuzima.

"Usizime," Mama Kadi akamwambia. "Hesabu kwanza tuko wangapi."

Programu ilihesabu robo saa nzima. Hakuna aliyeketi. Watu elfu kumi na tisa mia nne na sita. Mkuu akapiga simu akasema mjumbe asije, siyo leo wala kesho, kisha akabaki ameshika mkono wa simu na macho yako mezani. Kuhusu kazi ya Mama Kadi hakusema lolote, na Mama Kadi hakumuuliza.

Akavuta kiti akaketi karibu na Injinia. "Soma urefu kwanza," alisema, "halafu hesabu safari, si nafasi. Kila baada ya ishirini, simama. Funika herufi kwa herufi, usipunguze hata moja, urefu ukibadilika Bibi anaitema rekodi. Na kitu kingine."

"Ndiyo, Mama."

"Nikianguka hapa, usinitie kitu mdomoni. Nilaze ubavu, sogeza viti, uangalie saa. Ikipita dakika tano, mwite daktari."

Injinia alichukua kalamu akaandika yote, kuanzia urefu hadi dakika tano, kwenye karatasi moja.