Sikio la Watasema

Emilienne alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye maternité, wodi ya wazazi, akifua mashuka na kuchemsha vyombo, kabla hajahamia kwa mbwa. Majirani zake wa Kasongo walimcheka mpaka wakachoka. Mama mzima, waliuliza, ameacha wazazi na watoto wachanga, sasa anakwenda kufunga mbwa kizazi? Yeye aliwajibu kwamba mbwa akiumwa, angalau hatukani.

Kituo cha wanyama kiko ukingoni mwa mji, vyumba viwili vya matofali na banda la nyuma. Kila Alhamisi watu huleta mbwa na paka, madume wanahasiwa, majike wanafungwa kizazi, na hakuna anayelipa, maana mbwa wasio na mwenyewe walikuwa wamejaa sokoni na kichaa chao kilikwisha kuua watu. Dokta Jean-Baptiste ndiye anayepasua. Emilienne anashika mnyama, anamdunga sindano ya usingizi, anamnyoa tumbo. Mwishoni, kabla mnyama hajaamka, alikuwa anamkata ncha ya sikio la kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya dokta: ukiona sikio limekatwa, huyu tayari, usimpasue mara ya pili.

Sasa kosa lilikuwa hapo, na ni la Emilienne, tusimtafutie visingizio. Kwao ni upande wa Kabambare. Huko mbwa akiiba nyama ya jirani, aliyeibiwa anamkata sikio ili kila mtu amjue, na mbwa wa namna hiyo haendi tena porini na wawindaji, kwa sababu atakula windo kabla watu hawajafika. Emilienne aliyajua hayo tangu utoto. Siku dokta alipoeleza alama yake, alifungua mdomo, halafu akaufunga. Dokta amesoma, yeye ni wa kuchemsha vyombo. Tena, alijiambia, hapa mjini nani anawinda?

Akaja Musafiri, mwindaji wa Wamaza, kijiji cha upande huo huo wa Kabambare, siku mbili juu ya pikipiki, na mbwa wake jike ndani ya kapu. Mbwa aliitwa Watasema. Alikuwa na pua kali kuliko mbwa wote wa kijiji, ila kila alipotaka dume, mbwa wa kundi zima waliacha kazi wakaanza kupigana, na mimba zilimlaza nyumbani nusu ya mwaka. Dada ya Musafiri anakaa Kasongo, ndiye aliyempa habari za kituo. Watasema akafungwa kizazi vizuri, akakatwa ncha ya sikio kama wengine, akakaa siku tano bandani. Emilienne alimpikia bukari, ugali wa muhogo, kwa dagaa, akampenda kuliko alivyopenda wengine. Mbwa alikula, lakini mpaka Emilienne atoke kwanza.

Wiki tatu baadaye Musafiri alirudi peke yake. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama, mbwa wangu iko mwizi sasa," alisema. "Nimeeleza, hakuna mutu anasikia. Mukubwa wetu Atumani amesema Jumamosi, siku ya posho, watamuua, asifundishe wengine."

"Na ni mimi nilikata," Emilienne alisema.

"Ni wewe. Basi ni wewe wa kuja kumutosha jina la mwizi."

Wote wawili waliijua njia yenyewe. Aliyekata sikio ndiye anayeweza kulifuta jina hilo: anasimama mbele ya wawindaji, anampa mbwa nyama kwa mkono wake, mbwa anakula, maneno yamekwisha. Emilienne aliomba ruhusa kwa dokta bila kueleza sana, akapanda pikipiki. Kiuno kilimuuma kuanzia Kabambare, na hakulalamika, alijua kilichomleta.

Wawindaji walikuwa tisa. Walimpa kipande cha nyama ya mbuzi. Musafiri akamfungua Watasema, ambaye tangu arudi alikuwa amefungwa kamba na kula mihogo tu. Emilienne alichutama, akanyoosha mkono, akamwita kwa jina.

Watasema akaja hatua mbili, akamnusa, akaijua ile harufu ya sabuni na dawa. Alirudi nyuma mkia ukiwa chini ya tumbo, akajificha kwenye miguu ya Musafiri. Emilienne akaita tena. Mbwa akageuza uso. Mwindaji mmoja aliinuka akachukua panga lake, bila hasira, kama mtu anayekwenda kufanya kazi.

"Mbwa huyu hakuiba kitu," Emilienne alisema. "Ilikuwa alama ya dawa. Mimi ni mutoto wa hapa, desturi niliijua, na nilinyamaza. Kosa ni langu."

Atumani akamnyang'anya ile nyama, akaigeuza huku na huku.

"Nyama mbichi," alisema, "na mbwa ana njaa. Mwizi gani anakataa nyama?"

Mmoja akacheka, wakafuata wengine. Panga likarudishwa mahali pake. Asubuhi hiyo hiyo ya posho Watasema alivalishwa shingoni kengele ya mti ya mbwa wa kuwinda, akaenda porini na wenzake.

Aliporudi Kasongo, Emilienne alimweleza dokta mambo yote. Dokta aliuliza mbona hakusema tangu mwanzo, naye akamwomba alama isiwe sikioni tena. Siku hizi alama ni wino ndani ya paja, na ni Emilienne aliyepachagua.

Lakini asubuhi ile kule Wamaza wawindaji walipita mbele yake wakienda, naye akamwita Watasema polepole, mara moja tu. Mbwa alimzunguka kwa mbali, akaenda zake. Ilimuuma Emilienne, na alimwambia Musafiri hivyo hivyo, kwamba inamuuma. Kisha akapanda pikipiki.