Mguu wa Doria

Abbasi wa Mkongo alilima mahindi na ufuta bondeni, na kila msimu nguruwe pori walimtia hasara, mpaka alipompata Doria, mbwa jike mwekundu asiyejua woga. Tangu hapo akawa anavuna.

Mwaka juzi, mahindi yakiwa yanakomaa, nguruwe dume alimrusha Doria kwa meno. Abbasi akambeba ndani ya gunia hadi kwa Salima, daktari wa mifugo. Salima akapapasa, akasema mfupa wa paja umevunjika, na paja halitulizwi kwa vijiti. Lazima apasuliwe, mfupa uungwe kwa chuma. Mwenzake aliyeko Dar es Salaam aliiweza kazi hiyo, na Ijumaa Salima mwenyewe angekwenda huko kwa gari, angewapitia.

"Usichelewe, kaka Abbasi," alimwambia. "Mfupa huunga hata ukiwa umepinda."

Jioni ile, barazani, Gharibu jirani yake akasema mama yake amevunjika nyonga mwaka wa pili sasa, anatambaa, wala hajapasuliwa na mtu. Leo mbwa ndiye anayepelekwa Dar. Watu wakacheka. Abbasi naye akacheka nao.

Ijumaa aliamkia shamba. Gari lilipopita, mkewe Swaumu ndiye aliyemwambia Salima kwamba mwenyewe hayupo. Abbasi akamfunga Doria kwa vipande vya mianzi, akajiambia atapona.

Alipona vibaya. Mguu ulikuwa mfupi, umekauka, na kila akiukanyaga alilia. Baada ya mavuno Abbasi akampeleka Dar mwenyewe, bila kumuaga mtu. Mpasuaji akamwonesha picha ya eksirei: ncha za mfupa zimepishana, zimeshikana ubavuni. Akauvunja upya, akaunyoosha, akatia chuma. Maumivu yakaisha, lakini goti lilikwishakakamaa; halikukunjika tena.

Siku hizi Abbasi huwinga nguruwe mwenyewe, akipiga debe juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba. Siku moja alimwambia Swaumu kwamba Ijumaa ile aliogopa kuchekwa tu.

"Waliocheka," Swaumu akasema, "hawakumbuki hata kama walicheka."

Kila Abbasi anapotoka na jembe, Doria humfuata akiburuta mguu mpaka nyuma ya jiko, kisha huketi. Abbasi humwambia arudi kivulini, kisha huenda zake shambani bila kugeuka.