Werema na Silinda ya Pili ya Rwath

Werema hakuuza silinda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni Oyugis, nilikozaliwa, na ndilo linalosemwa Homa Bay, nilikoolewa. Juzi nimelisikia hata Migori, mlangoni pa karakana yake mwenyewe, likitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akisubiri atengenezewe pikipiki. Wanasema mkwe wangu alichomoa silinda moja ya pikipiki ya marehemu mume wangu akawauzia wasaga mawe ya dhahabu kule Masara. Alichomoa, kana kwamba silinda ni jino. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Najua silinda ni nini, na najua uongo ni nini.

Mume wangu, Elijah, alikuwa tabibu. Alihudumu Macalder miaka mingi, na huko mhandisi mmoja wa machimbo, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia pikipiki yake. Haikuwa pikipiki ya kubeba abiria na magunia. Ina uzito wa watu wanne, imekaa chini, na silinda zake mbili zimetanuka kama herufi V. Iliundwa kwa ajili ya kasi; ukiifungulia mafuta, mabega yako yanabaki nyuma. Watu wa kijijini waliiita Rwath, yaani fahali, na Elijah akalipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Ni Rwath iliyomleta Werema kwetu. Elijah alikuwa ameipeleka kwa mafundi watatu wa Migori, wote hodari wa pikipiki za abiria, na wote wakashika spana namba kumi na tatu. Sasa, bolti nyingi za Rwath hazipimwi kwa milimita, zinapimwa kwa inchi. Kumi na tatu inaingia, inacheza kidogo, kisha inakula pembe za bolti mpaka inabaki mviringo kama kifungo cha shati. Fundi wa nne alikuwa kijana Mkuria, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichuchumaa, akazitazama zile bolti zilizoliwa, akainuka.

"Mzee, hii siigusi leo."

"Kwa nini?"

"Sina spana yake. Nikiigusa nitakuwa wa nne kuiharibu."

Elijah alifika nyumbani akicheka peke yake. "Nimepata fundi," akaniambia. "Amekataa kazi."

Baada ya miezi miwili Werema alimpigia simu kwamba spana za inchi zimefika. Anazo hadi leo, zimefungwa katika kipande cha kitenge, na hakuna anayeziazima. Siku hiyo ya kwanza alizitoa bolti zilizoharibika moja baada ya nyingine, kwa subira ya mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akamwaga oili ikiwa bado moto. Akapangusa sumaku iliyo kwenye kizibo cha oili, akamwonyesha Elijah ungaunga wa chuma ulionaswa hapo. "Hii ni kawaida, Mzee. Siku ukiona vipande, usiiwashe, niite." Akapima mkanda wa gurudumu la nyuma kwa kidole na rula. Akaeleza kwamba silinda ya nyuma huungua zaidi kwa kuwa ile ya mbele huizibia upepo, kwa hiyo plagi ya nyuma ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kisha akaandika yote katika daftari: tarehe, kilomita, alichokifanya, na alichokiacha kwa sababu hakikuhitaji kuguswa. Nimesahihisha madaftari maelfu. Lile ningelipa alama zote.

Alimwoa Marion, binti yetu, miaka mitatu baadaye. Tangu hapo hajanitazama usoni tukizungumza, wala hajavuka sebule yangu. Kwao Ukuria mama mkwe ni mtu wa heshima nzito, na kwetu Wajaluo ni vivyo hivyo. Akija kuihudumia Rwath, anafanya kazi barazani, mimi nakaa ndani karibu na dirisha, na Marion anabeba maneno kati yetu, hata kama kila mmoja amekwisha kumsikia mwenzake.

Elijah alifariki mwaka juzi kwa maradhi. Tulikubaliana nyumbani kwamba hakuna atakayeipanda Rwath mpaka siku ya kumbukumbu yake. Siku hiyo Marion, aliyefundishwa na baba yake, angeiendesha kutoka kanisani hadi kaburini, watu wakiifuata. Mwezi wa nne Werema akaja akaifanyia huduma kamili: oili, filta, plagi, maji ya breki, betri. Iliwaka vizuri. Ufunguo tukautundika chini ya picha ya Elijah.

Mwezi wa saba nilikwenda Migori kukaa wiki moja kwa Marion. Niliporudi, nikaiwasha Rwath dakika chache, kama Werema alivyoniagiza. Ilikohoa. Moshi wa buluu ukajaa baraza, silinda moja ikifanya kazi na nyingine ikidonoa tu. Zablon, mdogo wake Elijah, aliusikia mlio huo kutoka bomani kwake.

"Nyar Kasipul!" aliita, yaani binti wa Kasipul, nilikozaliwa, kabla hata ya kufika. "Hiyo inalia kwa mguu mmoja! Nani aliigusa mwisho?"

"Werema, mwezi wa nne."

"Basi usitafute mbali. Masara wanalilia mashine, na mkwe wako anapita Masara kila wiki."

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani, na silinda ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi.

Werema alikuja baada ya siku mbili. Nilikaa dirishani. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa. Akatoa petroli kidogo ndani ya chupa ya maji, akaiinua juani. Akasoma kilomita, akafungua daftari, akalinganisha. Kisha akalifunga daftari haraka.

Hapo nilikosea, na ni lazima niliandike. Mwalimu akiona mwanafunzi anafunga daftari haraka, anajua kuna jambo. Nikadhani ni hatia.

"Muulize amekuta nini," nilimwambia Marion.

"Mama anauliza umekuta nini."

"Mwambie Mama inaumwa, lakini itapona."

"Muulize imeumwaje."

Alilirudisha daftari mfukoni. Halafu akasema, "Mwambie Mama naomba anisamehe, hilo sitalijibu." Chai yake siku ile nilimpa Marion ampelekee ikiwa imepoa. Marion aliona, akanichukia kwa wiki mbili, na alikuwa na haki.

Wiki hizo mbili Werema alifunga karakana yake mapema kila siku akaja kwetu. Alimwaga tangi lote, akaliosha mara tatu. Alitoa pampu ya mafuta na nozeli, akazisafisha kwa brashi laini ya mtoto. Aliagiza plagi mpya Nairobi kwa basi. Alipokuwa amelala chali chini ya injini, vijana walipita njiani wakimwita, "Wewe wa silinda, ukibakiwa na gurudumu utuuzie!" Wateja wake wawili wa zamani walihamia kwa fundi mwingine. Neno moja tu lingemsafisha, na hakulisema.

Asubuhi ya kumbukumbu, uwanja ulijaa. Kabla hatujaelekea kanisani, Zablon alisimama mbele ya wazee.

"Kaka yangu hakuwa na fahali wa pembe moja. Mkwe afungue hiyo injini, tuone kilichomo."

Kulikuwa na minong'ono. Marion akataka kujibu, Werema akamzuia kwa mkono. Akakunjua kitenge chake. Akazitoa plagi zote mbili na kuzima petroli na moto wa plagi, kisha akasema kwa adabu, macho chini, "Baba mdogo, naomba kidole chako gumba."

"Cha nini?"

"Ziba tundu hili. Bonyeza sana."

Zablon akaziba tundu la silinda ya mbele. Werema akagusa swichi, injini ikazunguka, na upepo ukatoka kwa kishindo ukakirusha kidole. Watu wakacheka.

"Sasa hili la nyuma, Baba mdogo. Hili mnalosema liko Masara."

"Nimeshaona, basi."

"Ziba tu."

Akaziba. Kidole kikaruka juu zaidi, na Zablon akapiga kelele kwa Kijaluo, maneno ambayo siyaandiki.

"Sasa kama silinda niliuza," Werema akasema, "ni nani amekupiga?"

Hata mchungaji alicheka. Nilicheka mimi, mjane, siku ya kumbukumbu ya mume wangu, na naamini Elijah angenitangulia. Werema akarudisha plagi, akazikaza kwa spana ya kupimia nguvu mpaka ilipolia tik, akampa Marion ufunguo. Rwath ikawaka kwa mguso wa kwanza, silinda zote mbili, bila moshi. Zablon alimpa Werema mkono mbele ya watu wote. Hilo nalisema kwa sababu watu wote waliliona, ingawa naona wengi wamelisahau.

Jioni, wageni walipoondoka, mtu mmoja alikuja kupiga magoti sebuleni kwangu. Alikuwa ameuchukua ufunguo nilipokuwa Migori. Aliipanda Rwath mpaka ufukweni mwa ziwa kuwaonyesha wenzake, ikaishiwa mafuta huko, naye akaijaza petroli ya mashua, ile inayochanganywa na oili. Mashua huipenda. Rwath iliugua. Werema aliijua harufu hiyo mara moja, na daftari likamwambia kilomita sitini na nne. Mtu huyo alimwendea jioni ya siku ile aliyonusa tangi, akilia, na Werema akamwambia, "Nitaitengeneza. Utamwambia Mama wewe mwenyewe, siku utakayoweza." Akabeba jina la mwizi akimsubiri.

Siku iliyofuata nilipika kuku, chai nikaipeleka mwenyewe barazani ikiwa moto, nikasema bila kumpitishia Marion, "Werema, nilikukosea." Akatazama sakafu. "Mama," akasema, "mkanda wa nyuma utahitaji kukazwa mwezi wa kumi."

Huyo ndiye mnayemwita mwizi. Mkiwa na pikipiki, mpelekeeni.

Aliyeipanda Rwath ni mtu wa nyumba hii, na kwetu wenye mashua ni wengi. Werema hajamtaja hata kwa mke wake. Mimi nami simtaji. Msiniulize kanisani, msiniulize sokoni. Sisemi.